Pepa ya Mchujo Inapima Nini Hasa?

Hebu tuanze na maswali matatu, na simu weka pembeni. Sauti husafiri hewani kwa mwendo gani? Mji mkuu wa Mongolia unaitwaje? Na je, basi la abiria 65 likijazwa machungwa, yataingia mangapi?

Kama la kwanza umelipata, hongera, umemshinda Albert Einstein. Mwaka 1921 Thomas Edison, yule wa balbu, alikuwa na mtihani wake mwenyewe wa kuchuja vijana waliotaka kazi kwake. Ulikuwa na maswali zaidi ya mia moja: jiografia, historia, kemia, bidhaa gani inatoka nchi gani, yaani kila kitu. Wahitimu wa vyuo walianguka kwa wingi, na Edison akawa anasema vyuo havifundishi kitu. Magazeti yakayapata maswali, yakayachapisha, Marekani nzima ikawa inaulizana. Einstein alipopita Boston mwaka huohuo, wakamtegea swali la mwendo wa sauti. Akasema hakumbuki, na kwamba mambo ya namna hiyo yameandikwa vitabuni, haoni sababu ya kuyabeba kichwani. Mtu aliyekuja kupewa Nobeli ya fizikia ya mwaka huo angerudishwa nyumbani mapema kabisa.

La pili niliulizwa mimi, kwenye usaili wa kazi ya muda ya kukusanya sampuli za maji ya visima. Taasisi yenyewe naiacha bila jina. Sikuulizwa sampuli ya kupima vijidudu inahifadhiwaje njiani, wala kwa nini inatakiwa ifike maabara mapema. Niliulizwa Mongolia. Nikaulizwa mkuu wa mkoa fulani ni nani. Mwisho nikaulizwa, "Kwa nini tukuajiri wewe na siyo hao wenzako walioko nje?" Hao wenzangu sikuwajua hata majina, nitajilinganishaje na mtu ambaye nimemwona tu amekaa kwenye benchi na bahasha yake? (Jibu ni Ulaanbaatar. Nililipata. Kazi sikupata.)

La tatu ni la ukoo wa maswali yaliyovuma kutoka Google, yale ya mipira ya gofu ndani ya ndege. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya watumishi pale, aliliambia gazeti la New York Times kwamba walipochambua takwimu zao waligundua maswali hayo ni kupoteza muda. Hayabashiri chochote. Kazi yake kubwa, alisema, ni kumfanya anayeuliza ajione ana akili. Google wakaachana nayo, sisi huku bado tunayapokea kama nguo za mtumba.

Sasa unaweza kujiuliza, sisi ambao kwa kawaida tunaandika hapa mambo ya bakteria na sayari, usaili unatuhusu nini? Unatuhusu kwa sababu usaili ni kifaa cha kupimia. Ni kama mizani ya sokoni au kipimajoto cha hospitali. Na kifaa chochote cha kupimia kinaulizwa maswali mawili kabla hujakiamini: kinapima kile tunachodhani kinapima? Na ukipima kitu kilekile mara mbili, unapata jibu lilelile? Mizani ikikosa haya mawili, mtu wa vipimo anaifungia. Usaili ukikosa, tunaambiwa "waombaji ambao hawakufanikiwa wasisite kuomba tena."

Unatuhusu pia kwa sababu ya mahali tunapoishi. Ukikaa Miyuji huhitaji kusoma tangazo ili ujue kuna usaili mjini. Utaona kwenye daladala asubuhi: shati jeupe limepigwa pasi, viatu vimepakwa rangi ila vumbi la Dodoma limeshavifikia, bahasha ya kaki mapajani, na macho ya mtu anayehesabu vituo kwa kuwa hajui ashukie wapi. Gesti ndogo zinajaa. Stationeri zinafungua alfajiri kwa ajili ya waliosahau kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Ofisi za Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ziko Chuo Kikuu cha Dodoma, kwenye majengo ya Dkt. Asha Rose Migiro, na tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, mji huu umekuwa ndiyo mlango ambao vijana wa nchi nzima wanakuja kuugonga.

Niseme mapema kwamba sitaki kuipiga mawe Sekretarieti. Iliundwa kwa marekebisho ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2007, na mantiki yake ilikuwa nzuri: badala ya kila taasisi kuajiri kivyake, kwa koneksheni na "huyu ni mtoto wa fulani," chombo kimoja kitangaze, kichuje, kisaili. Maombi yanakwenda kwa mtandao, na matokeo ya mchujo hutangazwa hadharani kwa namba za mtihani. Miaka ya karibuni mchujo wa kada nyingi umesogezwa mikoani, na mwingine unafanyika kwa kompyuta. Anayekumbuka ilivyokuwa zamani ataona hatua.

Zamani yenyewe si mbali. Juni 2014, Idara ya Uhamiaji ilipokuwa na nafasi 70, watu zaidi ya 10,000 walijitokeza kusailiwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Walikaa kwenye viti vya mashabiki, karatasi magotini, wakaandika. Picha zile zilizunguka dunia. Na sisi tulikuwa na bahati: Machi ya mwaka huohuo, Nigeria, idara yao ya uhamiaji iliita laki kadhaa za vijana kwenye viwanja vya michezo kwa nafasi zisizozidi elfu chache. Milango ikazidiwa, watu wakakanyagana, na zaidi ya kumi walikufa. Walikufa wakienda kufanya pepa.

Idadi haijapungua. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilitangaza nafasi 1,596 ikapokea maombi zaidi ya 135,000. Hapo ni mmoja kati ya 85 hivi. Walimu waliowania nafasi 14,648 walikuwa zaidi ya laki mbili. Kwa msongamano huo hakuna jopo linaloweza kukaa na kila mtu nusu saa, kwa hiyo mchujo wa maandishi hauepukiki. Hilo nalikubali. Ninachouliza ni mchujo wa namna gani.

Chukua kalamu tufanye hesabu ndogo. Tuseme pepa ina maswali 20 ya kuchagua, kila moja lina majibu manne. Wewe unajua kwa uhakika 14. Sita zilizobaki unabahatisha, hakuna anayeacha wazi. Kila swali la kubahatisha una nafasi moja kati ya nne. Sasa chukua watu 100 wanaolingana na wewe kabisa, wote wanajua 14, wote wanabahatisha 6. Hesabu ya uwezekano inasema kama 18 kati yao hawatapata hata moja ya zile sita, watabaki na 14 zao. Na kama 17 watapata tatu au zaidi, wafikishe 17 kwenda juu. Ukiweka mstari wa kufaulu kwenye 17, basi kati ya watu 100 wenye ujuzi uleule, 17 wanaitwa kwenye mahojiano na 83 wanaambiwa hawakukidhi. Tofauti kati yao ni kidole kiliangukia B au C.

Ukiwa na waombaji 50, kasoro hiyo inaweza kumgusa mtu mmoja au wawili. Ukiwa na laki moja, maelfu wanarundikana palepale kwenye mstari, na bahati ndiyo inayowagawa. Dawa yake siyo ngeni: ongeza maswali. Pepa ileile ikiwa na maswali 100 badala ya 20, sehemu ya matokeo inayotokana na kubahatisha inapungua kwa zaidi ya nusu. Haihitaji bajeti kubwa, hasa kama mtihani uko kwenye kompyuta na kompyuta ndiyo inayosahihisha. Kwa hiyo ukisikia mchujo wa maswali machache kwa maelfu ya watu, jua kuna mtu aliyeamua kuokoa dakika arobaini, na gharama yake amekutupia wewe.

Hilo ni swali la pili la mizani, la kurudia jibu. Tugeukie la kwanza, kama inapima kinachotakiwa, maana hapa ndipo utafiti ni mwingi kuliko watu wanavyodhani.

Wanasaikolojia wa kazi wamekuwa wakifanya jambo rahisi kwa karibu karne nzima. Wanachukua alama alizopata mtu kwenye usaili, wanasubiri mwaka au miwili, halafu wanaangalia alivyofanya kazi. Kisha wanakokotoa uhusiano kati ya hivyo viwili. Sifuri maana yake usaili haukujua lolote, moja maana yake ulijua yote. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya miaka 85 ya tafiti za namna hii, na kwa zaidi ya miaka ishirini jedwali lao lilikuwa kama msahafu. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walilirudia, wakaonyesha kwamba marekebisho ya kitakwimu yaliyotumika yalikuwa yamezidisha namba nyingi. Mpangilio mpya ulitoka hivi: mahojiano yenye mpangilio, ambapo kila mtu anaulizwa maswali yaleyale yanayohusu kazi na majibu yanapewa alama kwa kigezo kilichoandikwa kabla, 0.42. Mtihani wa maarifa ya kazi husika, 0.40. Kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe akifanye, 0.33. Mtihani wa uwezo wa akili kwa ujumla, 0.31. Mahojiano huria, yale ya "hebu tuambie kuhusu wewe" na kila mjumbe anauliza linalomjia, 0.19.

Namba hizi peke yake hazisemi kitu kwa mtu wa kawaida, kwa hiyo nimezigeuza. Chukua waombaji wawili wowote. Usaili unasema Asha ni bora kuliko Juma. Ni mara ngapi kati ya 100 Asha atakuwa kweli bora kazini? Ukirusha sarafu, mara 50. Kwa mahojiano huria, kama mara 56. Kwa mahojiano yenye mpangilio, kama mara 64. Soma tena hapo. Wanajopo wanne, maji ya chupa mezani, tai zimefungwa, siku nzima imeisha, na wamepata pointi sita juu ya shilingi iliyorushwa hewani. Hata kifaa bora kabisa tulicho nacho kinakosea zaidi ya mara moja katika kila tatu.

Na ule mstari wa "uzoefu usiopungua miaka mitatu" unaowaua wahitimu kila siku? Mwaka 2019 Chad Van Iddekinge na wenzake walikusanya tafiti 81 kuhusu uzoefu wa kabla ya kuajiriwa. Uhusiano wake na utendaji kwenye kazi mpya ulikuwa 0.06. Kwa kipimo chetu cha Asha na Juma ni mara 52. Miaka ya uzoefu inapungua urefu wa foleni, hilo halina ubishi, ila hata kusema "tunachukua wenye viatu namba nane" kungepunguza foleni.

Kwa nini mahojiano huria ni dhaifu hivyo wakati kila mwajiri anaapa kwamba yeye anajua mtu akimwangalia tu? Sababu moja iliandikwa na Edward Thorndike mwaka 1920. Aliangalia jinsi maofisa wa jeshi walivyowapa alama walio chini yao, akakuta kwamba aliyepewa alama za juu kwa umbo alipewa za juu pia kwa akili, kwa uongozi, kwa tabia. Sifa moja inapaka rangi nyingine zote. Ukiingia na suti iliyokaa, Kiingereza kinachoteleza na sauti isiyotetemeka, umeshakuwa mhasibu mzuri kabla hujaulizwa swali la uhasibu. Mwenzako aliyesafiri usiku kucha kutoka Kigoma, akalala kwenye benchi Nanenane kwa kukosa hela ya gesti, anaonekana "hana hali ya kujiamini."

Sababu ya pili inachekesha na kutisha kwa pamoja. Mwaka 2013 Jason Dana, Robyn Dawes na Nathanial Peterson walichapisha jaribio ambamo wanafunzi waliwahoji wenzao kisha wakabashiri wastani wao wa masomo wa muhula unaofuata. Baadhi ya waliohojiwa walikuwa wameelekezwa kwa siri kujibu maswali kwa kubahatisha, kwa kanuni isiyohusiana kabisa na ukweli. Waliohoji hawakugundua. Walitoka wakiamini wamemfahamu mtu. Na ubashiri wao, baada ya kuhoji, ulikuwa mbaya kuliko wa kuangalia tu wastani wa mihula iliyopita. Ubongo wetu ukipewa takataka unashona hadithi, halafu unaipenda hadithi yake.

Hapa utaniambia: mbona basi waajiri hawajashtuka? Miaka yote hii wanaajiri kwa njia hii na kazi zinakwenda. Jibu ni kwamba mwajiri anamwona aliyemchukua tu. Yule aliyemkataa amerudi kwao, hakuna anayejua angefanya nini. Ukichuma maembe ya upande mmoja wa mti kila mwaka, utaapa kwamba upande ule ndiyo mtamu.

Mara moja moja mtu analazimishwa kuonja upande wa pili. Mwaka 1979 shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Houston ilikuwa imeshamaliza kusaili na kuchagua, kisha bunge la jimbo likawaamuru waongeze wanafunzi 50. Waliobaki wakati huo walikuwa wale wa mkiani, waliokuwa wameshakataliwa kwa alama za mahojiano, na wengi wao walikuwa wamekataliwa na vyuo vingine pia. Wakaitwa. Walimu hawakuambiwa nani ni nani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1987 kwenye jarida la madaktari wa Marekani ulionyesha kwamba makundi mawili yalikwenda sambamba: masomo, mazoezi ya hospitali, kuhitimu. Mahojiano yote yale yalikuwa yameongeza sifuri.

Tukirudi kwetu, sina mfano unaoniuma kama wa walimu. Kwa miaka mingi mwalimu akihitimu alisubiri TAMISEMI itangaze, jina likatoka, akapangiwa kituo. Foleni ilipozidi, ukaletwa usaili. Mwanzoni mwa 2025 walimu wasio na ajira wakajikusanya kwenye umoja wao, NETO, na moja ya hoja zao kubwa ilikuwa huo usaili: mtu amekaa mtaani tangu 2015, anajitolea kwa posho ya sabuni, leo unampa pepa na kijana aliyetoka chuoni miezi sita iliyopita, ambaye nadharia za ualimu bado ziko kwenye daftari lake.

Serikali ina hoja yake, kwamba nafasi ni chache na lazima kuwe na namna ya haki ya kuchagua. Sawa. Lakini angalia tunachokitupa. Kila mwalimu aliyehitimu amefanya mazoezi ya kufundisha: wiki kadhaa darasani, wanafunzi wa kweli, mkaguzi amekaa nyuma anaandika. Hicho ndicho kile kipande cha kazi yenyewe ambacho watafiti wanakitafuta kwa tochi, na tunacho tayari kwa watu laki mbili. Ndiyo, alama za mazoezi zinatofautiana chuo na chuo, wakaguzi wengine wanapita kama upepo. Hiyo ni sababu ya kuzirekebisha. Badala yake mlango wa kwanza ni karatasi, na karatasi haijui kama ukisimama mbele ya watoto 90 wa darasa la tatu huko Bahi watakusikiliza.

Tena kuna vikwazo ambavyo havipimi chochote kabisa. Majina, kwa mfano. Matangazo yanasema wazi: kama majina kwenye nyaraka zako yanatofautiana, uje na hati ya kisheria. Anayeghushi vyeti lazima azuiwe, naelewa. Ila nchi hii mtu amezaliwa Yohana, mwalimu mkuu akamwandika John, NIDA wakamwandika Yohanna, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza. Anagundua mlangoni saa moja asubuhi.

Na gharama. Msailiwa anajitegemea nauli, chakula na malazi, imeandikwa kwenye kila tangazo. Tuseme wasailiwa 1,000 wa mahojiano, kila mmoja katumia laki moja tu, na anayetoka Bukoba au Mtwara atakucheka kwa hiyo laki moja. Hapo ni milioni mia, zimetoka kwenye mifuko ya watu ambao sifa yao ya kwanza ni kwamba hawana kazi. Mizani gani nyingine ambayo anayepimwa ndiye anailipia umeme?

Nisiwe mchoyo, niseme na upande wa pili. Wanatakwimu wanajua tangu 1939, kwa jedwali la Taylor na Russell, kwamba ukiwa na waombaji wengi mno na nafasi chache mno, hata mtihani dhaifu unamfaa mwajiri. Wale wa juu kabisa, kwa wastani, watakuwa wazuri kuliko waliookotwa hovyo. Kwa hiyo TRA au Uhamiaji hawapotezi kwa kuchuja. Tatizo ni kwamba wastani ni wa mwajiri. Wewe siyo wastani, wewe ni mtu mmoja, na kwako wewe pepa ileile ni kitu cha karibu sana na bahati nasibu. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja, na ndiyo maana afisa wa ajira na kijana wa Miyuji hawaelewani kamwe wakijadili jambo hili. Kila mmoja ana hesabu sahihi.

Nini kifanyike? Mahojiano yenye mpangilio hayahitaji teknolojia. Daniel Kahneman alilifanya hilo katika jeshi la Israeli miaka ya 1950 akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu: chagua sifa sita zinazohusu kazi, uliza maswali ya mambo ambayo mtu ameshayafanya, toa alama ya kila sifa kabla hujaenda kwenye inayofuata, jumlisha mwishoni. Wasaili wake walilalamika kwamba anawageuza mashine. Ubashiri ukawa bora kuliko ule wa zamani. Karatasi na kalamu, basi.

Pendekezo langu lingine litakukera, nalijua. Kura. Weka mtihani mrefu, wa maarifa ya kazi, wenye kiwango cha kufaulu kinachoeleweka. Wakishafaulu 4,000 na nafasi ni 70, usijifanye unaweza kumtofautisha wa 70 na wa 71. Piga kura hadharani. Baraza la Utafiti wa Afya la New Zealand limekuwa likigawa baadhi ya fedha za utafiti kwa kura tangu 2013: maombi yanayokidhi kiwango yanaingia kwenye kapu, yanachomolewa. Wanasayansi wenyewe walikubali kwamba juu ya kiwango fulani hawawezi kubagua kwa haki. Kura haina mjomba, haioni suti yako, na ukiikosa hurudi nyumbani ukiamini wewe ni mjinga. Wenzangu niliowasomea rasimu hii walikataa wote, mmoja akasema bora kukosa kwa kufeli kuliko kukosa kwa kuchomolewa. Mimi naona tayari tunachomolewa, ila kapu limefunikwa.

Ila kabla ya kubishana, tunaweza kupima. Dodoma ina kitu ambacho Houston walikipata kwa bahati. Sekretarieti ina kanzidata: waliofaulu mahojiano lakini nafasi zikaisha, majina yanahifadhiwa, na nafasi zinapotokea wanaitwa bila usaili mpya. Kwa hiyo nchini kuna watumishi wa kada moja, walioingia kwa usaili mmoja, wengine kwa kuwa walikuwa juu ya orodha, wengine kwa kuwa walisubiri kanzidata. Na utendaji wa watumishi wa umma sasa unaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, PEPMIS. Ondoa majina, weka namba, linganisha makundi mawili baada ya miaka miwili kazini. Kama waliokuwa juu wanafanya vizuri zaidi, usaili wetu unajua kitu na nitakuwa wa kwanza kuandika hivyo hapa. Kama wanalingana, basi zile pointi zilizowatenganisha hazikuwa pointi. Data ziko kwenye majengo ambayo ukitoka Miyuji unayafikia kwa daladala mbili. Anayetafuta mada ya tasnifu ya uzamili, hii haijachukuliwa na yeyote ninayemfahamu. Barua ya kuomba kibali cha kutumia data ndiyo sehemu ngumu, na rasimu yake niko tayari kukusaidia kuandika.